Mali Bila Daftari



Leo kwanza naomba unipe kiganja chako. Kama hujashika usukani wala huna chungu jikoni, fumba macho. Nakuwekea kiganjani gamba la konokono wa baharini, lenye umbo la ile pia wanayoichezea watoto: pana upande mmoja, lenye ncha upande wa pili. Ni zito kuliko ulivyotarajia. Anzia kwenye ncha, ufuate mzunguko kwa kidole. Unazunguka, unashuka, unazunguka tena. Sasa karibu na mwisho kidole kinakwaruzwa. Pana mstari uliokwenda upogo, kama kovu la kidonda kilichopona vibaya. Likumbuke kovu hilo, maana tutalirudia.

Gamba hilo lilikuwa la bibi yangu. Nilikulia Tanga, na chumbani kwa bibi palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa magamba ya pwani. Bibi alipofariki, kopo likanifikia mimi. Nikalimwaga mkekani, nikayahesabu magamba yote: 41. Kisha nikawauliza wakubwa, haya yalitoka wapi? Mama akasema labda Pemba, kwa kuwa mjomba alikuwa akivua huko. Shangazi akakataa, akasema ni ya Pangani. Mwaka gani? Hakuna aliyejua. Nani aliyaokota? Hakuna aliyekuwa na hakika.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mali ya bibi haikuisha. Ipo, naishika mkononi. Kilichoisha ni habari zake. Na tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya nyumba zile ambamo watu huitunza mali ya namna hii pamoja na daftari lake. Nazungumzia makumbusho ya viumbe, na hasa vyumba vyake vya nyuma, ambavyo mgeni mwenye tiketi haoneshwi.

Huko nyuma hakuna taa za kupendeza wala vioo. Kuna makabati, safu baada ya safu. Vuta droo moja, utakuta visanduku vidogo vya karatasi vimepangwa kama vyumba vya nyumba ya kupanga. Ndani ya kila kisanduku mna magamba, pengine moja, pengine ishirini, na pembeni yake kikaratasi. Kikaratasi hicho ndicho ninachotaka tukizungumzie. Kina jina la konokono kwa Kilatini. Kina mahali alipopatikana, na kama mwandishi alikuwa makini, kinasema pia kama ni kwenye matumbawe, kwenye matope ya mikoko, au chini ya jiwe. Kina tarehe. Kina jina la aliyeokota. Na kina namba, ambayo mara nyingi imeandikwa pia juu ya gamba lenyewe kwa wino mweusi, herufi ndogo sana, ili hata vikitengana siku moja, gamba liweze kurudishwa kwenye daftari lake.

Katika vyumba vingine mna chupa za spiriti. Humo hukaa mwili wa konokono mwenyewe, kwa sababu gamba ni nyumba tu, na mwenye nyumba naye ana habari zake: meno yake, tumbo lake, vinasaba vyake. Na katika droo chache sana mna gamba lililotiwa alama ya pekee. Hilo ndilo lile hasa alilokuwa nalo mezani mtaalamu aliyempa konokono huyo jina kwa mara ya kwanza. Wakibishana wataalamu wawili, mmoja Maputo na mwingine Manila, kama konokono wao ni wa jina moja au la, ubishi hurudishwa kwenye gamba hilo moja.

Sasa nikusimulie juu ya mtu aliyeielewa thamani ya daftari kwa njia ngumu kuliko wote ninaowajua. Aliitwa Georg Rumphius, Mjerumani aliyeajiriwa na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, akahamia kisiwa cha Ambon, katika Indonesia ya leo. Huko alipenda mimea na viumbe wa pwani, akawa anakusanya, anauliza, anaandika. Mwaka 1670 akapofuka. Miaka minne baadaye tetemeko la ardhi likamwua mkewe na binti yake. Mwaka 1682 mkusanyo wake ukauzwa kwa Cosimo wa Tatu, mtawala wa Toscana kule Italia. Mwaka 1687 moto ukateketeza michoro yake.

Fikiri, msikilizaji. Macho hayapo, mke hayupo, magamba hayapo, michoro haipo. Kilichobaki ni maneno. Rumphius akaendelea kusema na wengine wakaandika, mpaka alipofariki mwaka 1702. Kitabu chake cha viumbe wa bahari ya Ambon kilichapishwa Amsterdam mwaka 1705. Ndani yake hakuishia kusifu rangi. Alitaja majina ambayo wenyeji walimwita kila kiumbe, mahali anapokaa, kama huliwa au la, na kama ana madhara. Humo mna habari ya mwanamke mtumwa wa visiwa vya Banda aliyeokota konokono mdogo wakati watu wakivuta wavu. Akawa naye mkononi akielekea ufukweni. Akahisi mwasho kiganjani, mwasho ukapanda mkono, ukaenea mwilini, akafa. Konokono yule alikuwa wa jamii ya koni, wenye mwiba wa sumu kama sindano. Jamaa zake wenye sumu kali wapo pia kwenye matumbawe yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Kwa hiyo, mzazi unayenisikiliza, mwambie mtoto: gamba lenye umbo la koni, lenye michoro kama ramani au kama kitambaa kilichofumwa, likiwa na mwenyewe ndani haliguswi. Onyo hilo lina umri wa zaidi ya miaka 300, na limetufikia kwa sababu mtu asiyeona alihakikisha limeandikwa.

Mwaka 1758, Msweden Carl Linnaeus alipoanza kuwapa wanyama majina mawili ya Kilatini, hakuwa amewahi kukanyaga pwani ya Ambon. Kwa konokono wengi alirejelea kurasa za Rumphius.

Mfano wa pili ni kinyume cha ule wa Rumphius. Hugh Cuming alikuwa Mwingereza, fundi wa matanga ya meli, aliyesafiri pwani za Amerika ya Kusini, visiwa vya Pasifiki na Ufilipino, akakusanya magamba kuliko mtu yeyote wa zama zake. Alipofariki mwaka 1865 aliacha vielelezo kama 83,000, na mwaka uliofuata jumba la British Museum likavinunua kwa pauni 6,000. Ilikuwa mali kubwa na nzuri ajabu. Lakini Cuming alijali zaidi uzuri wa gamba kuliko maelezo yake, na mengi ya mahali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi vyake yanatiliwa shaka hadi leo. Tena inasimuliwa kwamba siku ya kuhamisha droo zile uani, upepo ulivuma ukavipeperusha vikaratasi. Nikisoma kisa hicho huwa nasikia uchungu wa kweli. Gamba likidondoka unaliokota. Kikaratasi kikipeperuka, ukakirudisha kwenye kisanduku kisicho chake, kimekuwa shahidi wa uongo, na wa uongo kwa miaka mia moja na zaidi.

Sasa turudi kwenye kovu lile ulilolipapasa.

Konokono mwenye gamba kama lile hulijenga maisha yake yote. Ile ncha ndiyo utoto wake, na ukingo wa mdomo ndio siku zake za mwisho. Hafuti kitu. Kwa hiyo kovu lile ni tukio: siku moja kaa alimkamata, akauvunja ukingo wa gamba kwa gando lake, akashindwa kumfikia. Konokono akajivuta ndani, akanusurika, akaziba palipovunjika, akaendelea kujenga. Aliyetufundisha kuyasoma makovu hayo kwa upana wake ni Geerat Vermeij, Mholanzi aliyehamia Marekani. Naye, msikilizaji, ni kipofu tangu akiwa na umri wa miaka mitatu. Alipoomba nafasi ya masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Yale, profesa aliyekuwa na mashaka alimpeleka kwenye mkusanyo wa magamba, akampa gamba moja mkononi, kisha jingine. Vermeij aliyapapasa, akayataja yote mawili kwa majina. Akapokelewa. Akaja kuonesha, kwa vidole vyake, kwamba magamba yamekuwa mazito na yenye silaha kwa mamilioni ya miaka kwa sababu ya maadui wanaoyavunja.

Yako makusanyo mengi duniani, lakini nataka ukikumbuke kisanduku kimoja cha magamba madogo yasiyovutia kabisa. Konokono hao ni wa ukubwa wa harage, wanaishi kwenye mwani wa miamba ya Atlantiki ya Kaskazini. Mwaka 1871 mtu aliwaokota katika kisiwa cha Appledore, kwenye ghuba ya Maine, Marekani. Akaandika mahali, akaandika mwaka, akaweka kwenye droo. Basi. Hakuna aliyejua yangefaa kwa lipi.

Karibu na mwaka 1900, kaa wa kijani kutoka Ulaya alienea hadi maji yale ya kaskazini. Ni mla konokono hodari. Miaka ikapita. Katika miaka ya 1980 mtafiti Robin Seeley aliokota konokono wa aina ile ile katika kisiwa kile kile, akawaweka kando ya wale wa 1871. Walikuwa kama si ndugu. Magamba ya zamani yalikuwa membamba, yenye ncha iliyochomoza. Ya sasa yalikuwa manene, ncha imezama kama kofia iliyobonyezwa. Akajaribu kuwapa kaa konokono wa maumbo yote mawili: wenye gamba jembamba walivunjwa kwa urahisi, wenye gamba nene wakawashinda. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1986. Watafiti waliofuata wameonesha pia kwamba konokono mmoja mmoja hunenepesha gamba lake anaponusa kaa majini. Kwa njia zote mbili, wenye gamba jembamba kuliwa na walio hai kunenepesha magamba yao, kiumbe alibadilika umbo katika muda usiofikia miaka mia, yaani kati ya babu na kitukuu.

Nani angelijua jambo hilo? Hata wavuvi wa pale wasingelijua, kwa kuwa badiliko lilikuja polepole, na kila kizazi hudhani ilivyo leo ndivyo ilivyokuwa daima. Lilijulikana kwa sababu ya tarakimu nne juu ya kikaratasi: 1871. Ondoa tarakimu hizo, na magamba yale yanakuwa kama ya kopo la bibi yangu.

Sasa tuje nyumbani. Chukua kauri, wengine tunaiita simbi, wengine kete, neno lile lile tunalolitumia kwenye bao. Linnaeus aliziandika za aina mbili mwaka ule wa 1758. Moja akaiita moneta, yaani fedha. Hiyo ina kingo zenye vinundu. Nyingine akaiita annulus, yaani pete, kwa sababu mgongoni ina duara la rangi ya dhahabu. Ya kwanza ilivunwa kwa wingi Maldivi, ikapelekwa Afrika Magharibi kwa karne nyingi kuwa fedha, na fedha hiyo ilinunua watu. Ya pili ni yetu. Imejaa kwenye pwani ya Afrika Mashariki.

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, kwanza Hertz, kisha O'Swald, waligundua kwamba kauri ya pete inapatikana Zanzibar na pwani yake kwa bei ndogo. Wakazijaza melini, wakazipeleka Afrika Magharibi kununua mafuta ya mawese. Kwetu waliozitoa majini waliinama kwenye maji ya kupwa, wakaziokota moja moja. Kule zikafurika sokoni mpaka thamani ya kauri ikaporomoka, na aliyekuwa ameweka akiba ya maisha yake kwa kauri akajikuta ana mizigo isiyonunua kitu. Hadi leo Waganda huita fedha ensimbi, na fedha ya Ghana, sidi, ina jina lililotokana na kauri.

Leo wachimbaji wa mambo ya kale wakifukua kauri huko Afrika Magharibi, swali la kwanza ni: ya vinundu au ya pete? Ya pete inaelekeza kwetu, na kwa kawaida inaelekeza kwenye karne ya 19. Lakini kauri nyingi za fedha zilikatwa mgongo ili zitungwe kwenye kamba, na pete iko mgongoni. Basi mtaalamu huigeuza, akatazama umbo la tumbo na meno ya mdomo, akailinganisha na kauri za makumbusho zilizookotwa mahali panapojulikana. Hivyo kauri moja iliyokatwa mgongo, iliyotoka udongoni, inaweza kurudishiwa pwani yake. Mama aliyeiokota hatutamjua jina. Ila tunaweza kujua alikuwa upande gani wa bahari.

Ndugu msikilizaji, usidhani kuweka kwenye kabati kunatosha. Mwaka 1899 Mwingereza Loftus Byne aliandika juu ya maradhi ya magamba yaliyowekwa kabatini. Gamba lililong'aa linafifia, linaota unga mweupe kama chumvi, linaliwa taratibu mpaka michoro yake inapotea. Byne alidhani ni vijidudu. Sasa tunajua kwamba si ugonjwa. Ni mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao za kabati, hasa mwaloni, na kwenye karatasi na maboksi duni, na unyevu wa hewa huuongezea nguvu. Gamba lililostahimili mawimbi na kuponea gando la kaa, linaliwa na droo iliyotengenezwa kwa kulitunza. Tiba yake ni kabati la chuma, karatasi isiyo na asidi, hewa kavu, na mtu wa kufungua droo na kutazama. Miji yetu ya pwani ina joto na unyevu mwaka mzima. Ndiyo maana naomba, kwa moyo wangu wote, watunzaji wa makusanyo yetu wapewe vifaa na mishahara. Makusanyo yakiharibika hayapigi kelele.

Na nje ya makabati, hali ikoje? Gamba moja kubwa jekundu la pwani yetu, lenye umbo la kofia ya chuma ya askari, limesafirishwa kwa miaka mingi hadi Torre del Greco, karibu na Naples, ambako mafundi huchonga juu yake nyuso za watu kwa ajili ya vito. Mengine huuzwa ufukweni kwa wageni, yakiwa yamesafishwa vizuri. Na ukiliona gamba linang'aa bila mkwaruzo, mara nyingi maana yake konokono alitolewa majini akiwa hai, kwani la mfu husuguliwa na mchanga. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, na humo magamba hayaokotwi. Kwingineko magamba yanaondoka, na yanaondoka bila hata mstari mmoja wa maandishi. Hatutakuwa na droo ya kutuambia tulikuwa na nini. Mwaka 1961 J. F. Spry alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records maelezo ya magamba ya konokono wa bahari ya Dar es Salaam. Kwa kurasa hizo mwalimu wa leo anaweza kuwachukua wanafunzi wake kwenye maji ya kupwa na kuuliza: huyu bado yupo? Na huyu? Je, atakayeuliza mwaka 2061 atalinganisha na kurasa gani?

Mwezi uliopita nilikuwa Ras Kazone na mjukuu wangu wa kike, ana miaka tisa. Maji ya bamvua yalikuwa yamekupwa mbali. Akaokota gamba la umbo la pia, tupu, lenye kovu. Akaniuliza kama anaweza kulipeleka nyumbani, akalitie kwenye kopo la bibi. Nikamwambia liko jambo bora kuliko hilo. Tukalipiga picha juu ya kiganja chake, pande zote tatu. Kisha nikampa daftari na kalamu, akaandika mwenyewe, polepole, ulimi ukiwa nje: jina lake, Ras Kazone, Tanga, tarehe, saa, maji yamekupwa, juu ya mwamba wenye mwani, halina mtu ndani, limepigwa na kaa likapona.

Gamba tukaliacha pale pale mwambani. Wako kaa wadogo wasio na magamba yao, wanaohamia humo, na nyumba hazitoshi kwa wote. Tulipogeuka kuondoka, mjukuu akasimama akarudi mbio, akaniomba daftari. Alikuwa amesahau kuandika kwamba upepo ulikuwa wa kusi.